Mrija Mkavu wa Nasambu

Mtu mmoja alikuwa na ulimi uliokufa. Ukimpa asali, ukimpa chumvi, ukimpa majivu, kwake yote ni kitu kimoja. Jina lake aliitwa Kuloba. Hakuzaliwa hivyo. Aliupoteza ulimi wake kazini, na kazi yenyewe nitawaambia.

Watu wa mlima ule walikuwa wanamalizwa na homa. Ilikuja na mvua kubwa. Ilianza na watoto: miguu inapoa, macho yanageuka manjano, na kabla mama hajamaliza kumlilia huyu, yule mwingine ameanza kutetemeka. Kuloba naye alizika. Alizika mpaka akaona jembe lake linajua kaburi kuliko shamba. Basi akaliweka chini, akaingia msituni, akaanza kuonja magome ya miti. Gome moja linamtapisha. Lingine linamvimbisha midomo. Moja lilimlaza kitandani mpaka ndugu zake wakaanza kuulizana nani ataangalia ng'ombe. Akipata nafuu, anarudi msituni. Watu walimcheka sana. Walimwita Mbuzi, kwa sababu alikula miti.

Mwisho alilipata. Lilikuwa gome jekundu la mti ambao kila mtu alikuwa anaukata kuni bila kuujua. Lakini gome peke yake halitoshi. Lazima lipikwe tangu asubuhi mpaka jioni, na moto usishuke hata kidogo. Moto ukishuka katikati, kilichobaki ni maji ya rangi tu. Kuna na namna ya kuchanganya na ya kukoroga, ambayo Kuloba aliijua kwa kukosea mara nyingi. Mtoto akinywa dawa ile mapema, anaamka. Na siku mtoto wa kwanza alipoamka, Kuloba alionja kijiko cha dawa ile ili ajue dawa yake ina ladha gani, akakuta ulimi hausemi kitu.

Ndugu zangu, hapo tusimame kidogo tumheshimu mtu huyu. Kuna watu wakisikia hadithi ya dawa wana haraka ya kumchukia mwenye dawa. Mimi naomba msimchukie Kuloba. Alitoa ulimi wake.

Kuloba akazeeka. Akawa anakaa mbele ya nyumba anaota jua, na kazi ikashikwa na mwanawe mkubwa, Mabonga. Huyu Mabonga alikuwa na uchungu wake, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kweli. Watu wa vilima vingine walichungulia, wakaona gome, wakaenda kupika nusu siku, wakatembeza maji ya rangi wakisema ni dawa ya Kuloba. Watoto waliokunywa walikufa, na lawama ikapanda mlima mpaka mlangoni kwa mzee. Wengine walifundishwa vizuri, wakapika vizuri, watoto wao wakapona, na hakuna aliyerudi hata na kuku kusema asante. Mabonga akasema inatosha. Akatuma watu kila kilima: njooni tukubaliane, la sivyo ninafunga msitu wenye gome lile na ninafunga mdomo, na siri ya kupika itazikwa na sisi.

Sasa lazima niwaeleze namna watu wale walivyokuwa wanakubaliana. Hawakujua kuandika. Mkataba wao ulikuwa unanywewa.

Chungu kikubwa cha pombe ya wimbi kinawekwa katikati. Watu wanakaa kwenye vigoda kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwenye jambo analisema. Anayekubali anatia mrija chunguni na kuvuta. Asiyekubali anaulaza mrija wake magotini, mkavu. Mirija yote ikilowa, neno limekuwa sheria, mpaka kwa ambao hawajazaliwa. Mmoja tu ukibaki mkavu, hakuna neno. Na mrija uliolowa umelowa. Huwezi kuutoa ukaupangusa ukasema ulikuwa unatania. Wakati wote huo mwenye nyumba anaongeza maji ya moto chunguni ili pombe isife. Maana yake ni kwamba mazungumzo bado yapo, tuendelee. Akiacha kuongeza maji, anasema amechoka. Jua likizama nyuma ya mlima na mrija mmoja mkavu, chungu kinamwagwa, na jambo lile halizungumzwi tena.

Mirija yenyewe ilitoka bondeni. Kule chini kulikuwa na kinamasi, na kwenye kinamasi kunaota matete marefu, laini, yenye tundu. Watu wa bondeni waliyakata, wakayakausha, wakayapandisha juu. Kila aliyekunywa mlimani alivutia kinywaji chake kwenye tete la bondeni. Na bado watu wa bondeni walikalishwa kwenye vigoda vya mwisho, karibu na banda la mbuzi.

Siku hiyo bondeni walimtuma mwanamke, Nasambu. Alikuwa mjane. Homa ilikuwa imepita nyumbani kwake mvua baada ya mvua, ikamwachia mjukuu mmoja tu, msichana mdogo, Nanjala. Mvua nyingine ilikuwa njiani. Nasambu alipokuwa anaondoka, mtoto alimshika kanga akamwambia, "Bibi, uniletee kitu kitamu." Akamjibu atajaribu.

Alibeba mrija wake na kibuyu cha maji. Hayo maji ya kibuyu yashikeni akilini.

Kwa sababu wajumbe wengine hawakubeba maji. Walitoka mbali, walipanda tangu alfajiri, jua la kiangazi likawapiga mgongoni. Walipofika juu walipewa salamu nzuri na vigoda vizuri, lakini hakuna aliyewapa maji. Chungu kilikuwa katikati, kinatoa povu, harufu yake inawafikia puani. Mabonga akaanza kusema neno lake, na alilisema taratibu, hana haraka.

Alisema: dawa itapikwa nyumbani kwa Kuloba peke yake. Mwenye mgonjwa atakuja hapa na kikapu chake cha wimbi, naye atapewa. Hakuna kilima kingine kitakachopika, na hakuna mtu atakayemfundisha mwenzake kupika.

Kabla hajamaliza, mzee Wabwile wa Kilima cha Mawe akatia mrija. Wabwile alikuwa mtu wa mzaha, mwenye tumbo na sauti.

"Wee Wabwile, sikiliza kwanza," wakamwambia.

"Nitasikiliza nikiwa nakunywa. Maneno mazito hayapiti kwenye koo kavu."

Watu wakacheka, na wakicheka wakatia mirija. Mmoja baada ya mwingine. Walivuta kama ndama. Kiu ilipopungua ndipo wakakumbuka maneno waliyoyasikia, wakaanza kutazamana. Lakini mirija ilikuwa imelowa.

Mmoja tu ulikuwa magotini. Nasambu alifungua kibuyu chake, akanywa maji ya kinamasi yenye harufu ya tope, akakifunga.

"Mama, pombe inapoa," Mabonga akamwambia.

"Naiona, mwanangu."

Ndugu mdogo wa Mabonga akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kwani bondeni mmekosa mwanamume wa kutuma?"

"Wapo," Nasambu akasema. "Nimewaacha wanachimba makaburi ya mvua ijayo. Wakimaliza watakuja."



Halafu akaeleza shida yake, na alieleza kwa maneno machache. Kutoka bondeni mpaka juu ni kupanda kutwa nzima. Mvua ikinyesha, mto unajaa, na njia inakuwa utelezi. Mtoto anayetetemeka asubuhi, kesho yake ameshapoa. Dawa iliyo juu ya mlima, kwa mtu wa bondeni, ni kama mwezi: anaiona tu. Akasema hakuja kumnyang'anya Kuloba kitu. Amekuja kutafuta njia ya dawa kushuka.

Mabonga alimsikiliza, halafu akamwita pembeni, nyuma ya ghala. Ndivyo inavyofanyika mpaka leo. Maneno makubwa yanasemwa mbele ya chungu, na yaliyo makubwa zaidi yanasemwa nyuma ya ghala.

"Mama Nasambu," akamwambia kwa upole, "najua una mjukuu. Sitaki mtoto yule afe. Kila mvua ikikaribia, nitatuma chungu cha dawa nyumbani kwako. Kwako wewe, si kwa jirani. Hutapanda mlima tena. Tia mrija wako, tuagane kwa wema."

Mnadhani Nasambu aliliona hilo jambo jepesi? Alimwona Nanjala amelala kwenye mkeka, miguu inapoa. Aliona mtu anagonga mlango wake, chungu mkononi. Nakwambieni angekubali, mimi ningekuwa wa kwanza kusema hana kosa. Lakini aliona na kitu kingine: nyumba ya jirani yake, na jirani amesimama mlangoni anatazama chungu kile kinaingia kwa Nasambu, mtoto wake mgongoni.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Lakini mimi sikutumwa na Nanjala. Nimetumwa na bonde."

Akarudi kwenye kigoda chake.

Jua likaanza kushuka. Mabonga akawa na hasira, akaacha kuongeza maji ya moto. Povu likashuka. Pombe ikaanza kutulia na kupoa, na kwa watu wale hiyo ni dalili mbaya. Wajumbe wakaanza kumgeukia Nasambu.

"Kunywa, mama, tuna ng'ombe wa kukama."

"Utatuharibia wote. Wakifunga msitu tutapata wapi dawa?"

"Huyu mwanamke ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na kila mmoja alikuwa na jambo lake na watu wa juu. Huyu anapitisha mifugo kwenye malisho yao. Yule binti yake ameolewa pale. Nasambu hakuwajibu kwa ukali. Aliinua kibuyu, akampa aliyekuwa karibu naye. Yule akanywa, akampitishia mwingine. Kila aliyekunywa alikunja uso kwa harufu ya tope, na kila aliyekunywa alinyamaza, kwa sababu maji yale yalikuwa ya kwanza kupewa tangu asubuhi.

Kibuyu kilipofika kwa Wabwile, alikunywa. Halafu alisimama. Akachukua kigoda chake, akaenda kukiweka nyuma ya Nasambu, akakaa.

"Wabwile!" ndugu za Mabonga wakamwita. "Mrija wako umelowa!"

"Mrija umelowa," Wabwile akasema. "Makalio bado yangu. Nayakalisha ninapotaka."

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kama kile cha kwanza. Mwingine akainua kigoda. Na mwingine. Hata yule wa ng'ombe wa kukama. Mila haikuwaruhusu kutoa mirija yao, lakini hakuna mila iliyowakataza kukaa. Baada ya muda upande mmoja wa chungu ulikuwa na Mabonga na ndugu zake, na upande wa pili ulikuwa na vilima vyote, na mbele yao mwanamke mmoja na tete kavu magotini.

Hapo Mabonga akasema yaliyokuwa moyoni.

"Mnataka nigawe tu? Mtazameni yule mzee pale. Hajui ladha ya ugali. Mke wake alikufa bila kusikia mumewe akisifu chakula chake. Mlimwita Mbuzi. Halafu mkapika uchafu mkautia jina lake. Nani kati yenu alipanda hapa kusema asante?"

Na kweli, wangejibu nini?

Nasambu akasimama. Hakwenda kwa Mabonga. Alikwenda kwa mzee Kuloba, pale anapoota jua, akapiga magoti mbele yake kama binti kwa baba, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Yalikuwa yamebaki maji kidogo.

"Baba, haya ni maji ya bondeni. Yananuka tope. Sina kingine."

Mzee akanywa. Hakukunja uso. Alikuwa mtu pekee pale ambaye hakukunja uso, na wote waliona, na wote wakajua kwa nini. Wengine waliinamisha vichwa.

Nasambu akarudi kwenye chungu, akabaki amesimama, na akasema lile neno ambalo watu wa mlima ule wanalirudia mpaka leo:

"Heshima ya Kuloba tutaipandisha hapa kila mavuno, kikapu kwa kikapu, sisi na watoto wetu. Atakayepika atafundishwa na nyumba hii, na atakayepika vibaya tutamkamata wenyewe. Lakini nyumba yenye mgonjwa haitasubiri ruhusa."

Mabonga akainama na ndugu zake, wakanong'onezana. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Yeye naye alihitaji mirija yote ilowe. Bila mkataba, maji ya rangi yangeendelea kutembea na jina la baba yake, na hakuna kikapu ambacho kingepanda. Akainua kichwa.

"Vyema. Mwenye mgonjwa apike, bila ruhusa. Tutamfundisha. Lakini apike mwenyewe, nyumbani kwake, kwa moto wake."

Watu wakapiga vigelegele. Wabwile akamsukuma Nasambu begani kwa furaha. "Umeshinda, dada! Kunywa basi, kabla hajabadilika."

Nasambu akaushika mrija wake, akauinua, akaupeleka mpaka mdomoni mwa chungu. Ncha yake ilikuwa karibu kugusa pombe. Na hapo akasimamisha mkono.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapompenda mwanamke huyu. Kushindana na mtu anayekukatalia, wengi tunaweza. Lakini mtu amekukubalia, watu wanakushangilia, mgongo unauma, jua linazama, na bado unauliza kwanza: nimekubaliwa nini hasa? Alilichukua lile neno akaenda nalo kwa mawazo mpaka nyumbani kwake. Akaingia nalo jikoni. Akatazama mafiga.

Bondeni hakuna miti. Kuna matete. Watu wa bondeni wanapikia matete makavu na samadi, na tete likiwaka linawaka kwa kishindo, halafu linakwisha. Ugali unaiva haraka, haya. Lakini dawa ya kupikwa tangu asubuhi mpaka jioni bila moto kushuka? Kwa moto wake, alisema Mabonga. Watu wa bondeni wangekuwa na ruhusa kamili ya kupika, na watoto wangekufa pembeni ya ruhusa hiyo.

"Na asiye na kuni," Nasambu akasema, "jirani atampikia."

Mabonga akakunja ngumi. "Mama, unazidisha. Nimekupa mkono unataka na bega."

"Sijanywa bado, mwanangu. Ndiyo maana nasema sasa."

"Jua linazama."

"Naliona."

Mkono wake ulikuwa umenyooka juu ya chungu, umeshika tete, na ulianza kutetemeka kwa kuchoka. Hakuushusha na hakuurudisha. Nyuma yake hakuna aliyesema kunywa.

Ndipo waliposikia kigoda kinaburuzwa. Mzee Kuloba alikuwa amesimama. Alikwenda kwenye moto polepole, akishika ukuta, akainua birika la maji yaliyokuwa yanachemka. Mtu alitaka kumsaidia, akamsogeza kwa kiwiko. Akaja mpaka kwenye chungu. Akamimina. Mvuke ukapanda, pombe ikaguna, povu likaamka tena likazunguka mirija yote. Alirudisha birika, akarudi kukaa.

Nyumba bado ilikuwa yake. Aliyeongeza maji ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amesema tuendelee.

Mabonga alimtazama baba yake. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Jirani atampikia."

Nasambu akatia mrija, akavuta. Wote wakavuta naye. Pombe ilikuwa imepoa, ikatiwa maji, ikakaa sana, ilikuwa chachu na nyepesi. Wabwile alisema hajawahi kunywa pombe mbaya kama ile maishani mwake, na akaongeza nyingine.

Mvua ikaja. Homa ikaja nayo, kama kawaida yake, ikaingia bondeni kwanza. Asubuhi moja Nanjala hakuinuka kwenye mkeka. Nasambu akashika miguu yake, akaikuta baridi.

Hakuwa na cha kufanya ila kutuma habari kwa majirani wa vilimani na kutazama juu. Mvua ilikuwa inanyesha kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi aliona moshi. Moshi kwenye Kilima cha Mawe. Moshi kwenye kilima cha pili yake. Moshi mzito wa kuni nzito, wa moto usioshuka, kila upande. Watu walikuwa wanapika. Hakuna aliyekwenda kuomba ruhusa, na hakuna aliyepika kwa kujificha.

Alfajiri ya siku iliyofuata, mtoto akiwa hajui tena anaitwa nani, mlango ukasukumwa. Aliingia Wabwile, tope limempanda mpaka mapajani, amefunga chungu mgongoni kwa leso kama mama aliyebeba mtoto, kimefunikwa majani ya mgomba.

"Mtu apime kina cha hili bonde lenu," akasema huku anahema. "Mguu wangu mmoja nimeuacha kule kwenye kinamasi. Mtoto yuko wapi?"

Walimwinua Nanjala, wakamtilia kijiko mdomoni. Kikamwagika. Wakatia kingine. Wakakaa. Majirani walikuwa mlangoni, kila mmoja na kikombe, kwa sababu chungu kile kilikuwa cha bonde, na Wabwile alikuwa anagawa huku anawatania ili wasilie. Jua lilipokuwa juu, Nasambu akatia kijiko kingine, na mtoto akakunja uso, akakitema, akasema kwa hasira:

"Mbaya! Bibi, sitaki!"

Nasambu akakaa chini pale pale, akalia.

Wakati wa mavuno vikapu vilipanda mlima. Vilitoka kila kilima, kama walivyosema. Mabonga alisimama mlangoni anavipokea, na ghala la baba yake lilijaa kuliko ambavyo lingejaa kama kila mtu angekuja kwake. Nasambu naye alipanda, kikapu kichwani, na Nanjala anamfuata nyuma akilalamika kwamba mlima ni mrefu. Alimpeleka mtoto mbele ya mzee.

"Baba, ndiye huyu."

Kuloba alimshika mtoto kidevu. "Uliinywa?"

"Nilikunywa."

"Ina ladha gani?" Aliuliza kwa hamu kweli. Aliitafuta dawa ile miaka mingi, na hakuwahi kuijua ladha yake.

Nanjala akafikiri. "Mbaya sana, babu. Mbaya kuliko kitu chochote."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mabonga akaja kumpiga mgongo, na Mabonga naye akawa anacheka.

Basi, ndugu zangu wa kisomo cha watu wazima, mnaokaa kwenye madawati ya watoto usiku na mchana mpate herufi, hadithi yangu imefika. Siku hizi hatusomewi gazeti, tunasoma wenyewe, na neno hili mkataba, ambalo zamani tulikuwa tunalisikia likipita juu ya vichwa vyetu redioni, sasa tunaliwekea kidole. Tunasoma kwamba nchi zimekaa pamoja mbali huko, zinakubaliana nani ataruhusiwa kutengeneza dawa, na nani ataruhusiwa kuchapa kitabu, na nani atafundisha nini. Ni haki wakae. Kila aliyeumia akitafuta, kikapu chake kipande mlima. Na wapo watu wetu waliokaa kwenye vigoda vile vya mwisho na mkono ukatetemeka juu ya chungu, ndiyo maana leo wako watoto wanaotema dawa na kusema mbaya. Majina yao hatuyajui, na mimi nawavulia kofia.

Ila nyinyi mnapofika kwenye mstari unaosema kwamba na sisi tumekubali, wekeni kidole pale, msigeuze ukurasa, mjiulize: mrija wetu ulilowa kwa sababu tulilisikia neno tukalipenda, au kwa sababu tulifika na kiu na hatukubeba maji yetu?